Maswali ya Wasomaji: Kuta Nimeziona, Nafasi Iko Wapi?

Mwezi huu tumepokea barua tatu kuhusu kusanifu na kupima majengo kwa kompyuta. Zimejibiwa na msanifu majengo anayefanya kazi zake mjini Lamu. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi hayakuchapishwa.

SWALI: Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi ni binti wa Mkomani, Lamu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, na sasa nipo nyumbani likizoni. Kazi yetu ya muhula ni kusanifu maktaba ndogo ya watoto katika mji wa kale, juu ya kiwanja cha upana wa mita 9 na urefu wa mita 14, kutoka kaskazini hadi kusini. Upande wa kaskazini kuna ukuta wa jirani wenye kimo cha mita 6. Nimeijenga modeli yangu mara nne na kila mara inapendeza, lakini mhadhiri wangu hurudia neno lile lile: "Kuta nimeziona, nafasi sijaiona." Nimetia matao, nimetia milango ya nakshi, nimebadilisha rangi ya chokaa, na jibu lake halijabadilika. Nianzie wapi, na kompyuta hasa inanifaa kwa lipi? Nimeambatisha picha na vipimo vyangu.

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Mhadhiri wako amekuambia kweli, na ni bahati kwako kwamba amekuambia mapema. Programu za kuchora modeli zimetengenezwa ili kumrahisishia mchoraji kusimamisha ukuta: unachora mstari, unauvuta kwenda juu, na ukuta umekwisha kusimama. Mkono ukizoea wepesi huo, akili nayo huufuata, na mwanafunzi hujikuta akipanga kuta kwanza kisha akikiita chumba kile kilichobaki katikati yake. Matao na nakshi ulizoziongeza ni mapambo ya kuta, na kwa hiyo haziwezi kuliponya tatizo ambalo halikuanzia kwenye kuta.

Waliojenga Mkomani walianzia kwenye mti. Boriti ni daraja moja tu la miti ya mikoko, lenye unene wa sentimita 11.5 hadi 14. Mazio ni nyembamba kuliko boriti, pau na fito ni nyembamba zaidi, na nguzo ni nene zaidi. Boriti inayobeba dari ya matumbawe na chokaa, ambayo ni mzigo mzito, haiwezi kuvuka uwazi mpana bila kupinda, na ndiyo sababu misana yetu, yaani vyumba vyetu virefu vyembamba, ina upana wa karibu mita 2.5 hadi 3, hata katika nyumba za matajiri, ilhali urefu wake unaweza kuwa mara tatu ya upana huo au zaidi. Umbo la chumba cha Kiamu limeamuliwa na mti huo. Mwanafunzi anayefungua programu na kuchora chumba cha mita 6 kwa 6, kisha akakifunika kwa boriti za kuonekana tu, amechora kitu ambacho fundi yeyote wa hapa atakikataa kabla hajamaliza kunywa kahawa yake.

Wewe hukufanya kosa hilo, nami nimefurahi kuona misana yako mitatu ina upana wa mita 2.6 kila mmoja. Kosa lako liko kwenye unene. Umeipanga misana hiyo mmoja nyuma ya mwingine kuelekea kusini, mbele yake ukaacha kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, na kuta zako zote tano zinazokatiza urefu wa kiwanja umezipa sentimita 10. Kwa hesabu hiyo kuta zimechukua nusu mita, misana imechukua mita 7.8, na kiwanda chako kimebaki na mita 5.7. Ukuta wa matumbawe unaobeba dari, hata hivyo, huwa na unene wa karibu nusu mita. Rudia hesabu: kuta tano ni mita 2.5, misana ni mita 7.8 kama ilivyokuwa, na kiwanda sasa kina mita 3.7. Mita 2 zimeliwa, na zote zimetoka mahali pale ambapo jengo zima linapata mwanga na hewa. Vilevile misana yenyewe imefupika kutoka karibu mita 9 hadi mita 8, kwa sababu ya kuta za mashariki na magharibi. Modeli yako haikukuonya, kwani kwake ukuta wa sentimita 10 na ukuta wa nusu mita vyote ni umbo tu.

Kwa hiyo ninakushauri uifunge faili hiyo, uihifadhi bila kuifuta, na ufungue nyingine tupu. Kwa siku tatu za mwanzo usichore ukuta hata mmoja. Chora nafasi zenyewe kama vitu vigumu, mithili ya halua iliyoganda ndani ya sinia kisha sinia likaondolewa: bonge la daka (kibaraza cha mlangoni), bonge la tekani (chumba cha kuingilia), bonge la kiwanda lisilo na kifuniko, mabonge matatu ya misana. Yape rangi kwa kufuata mwanga, jeupe kwa mahali penye jua na jeusi zaidi kadiri unavyoingia ndani. Kisha yasogeze, yainue, yapunguze kimo, na baina ya bonge na bonge acha pengo la nusu mita kila mara. Pengo hilo ndilo ukuta. Utaona kwamba kwa mara ya kwanza unashughulika na kile ambacho mtoto atakaa ndani yake, na kuta zinajitokeza zenyewe kutokana na mpangilio wako.

Hapo ndipo unene unaokula kiwanja utaanza kukulipa. Ndani ya nusu mita ya ukuta unaweza kuingiza zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za kina cha sentimita 25 na ukabaki na kiasi hicho hicho nyuma yake, na vitabu vingi vya watoto vinatosha humo. Wazee walipanga vyombo vya kauri katika zidaka za ndani. Wewe utapanga vitabu, na hutahitaji rafu za mbao zitakazoingilia upana wa msana wako ambao tayari ni mchache. Usiutoboe kila mahali ukuta unaobeba boriti, lakini. Kaa na fundi umuulize ni wapi pa kuacha mzima.

Baada ya mabonge kutulia, ingia ndani kwa kamera. Katika picha ulizonitumia, kamera imewekwa kwenye kimo cha sentimita 160, na lenzi ni ya milimita 18. Lenzi pana namna hiyo hukifanya chumba cha mita 2.6 kionekane kama ukumbi wa harusi, na anayedanganywa kwanza ni wewe mwenyewe. Tumia lenzi ya milimita 28 au 35, na ukikosa nafasi ya kurudi nyuma, basi umejifunza jambo la kweli kuhusu chumba chako. Kuhusu kimo, kumbuka unamjengea nani. Macho ya mtoto wa miaka saba akisimama yako karibu sentimita 110 kutoka sakafuni, na akikaa juu ya mkeka yako karibu sentimita 60. Iteremshe kamera hadi hapo, ufanye safari nzima kutoka uchochoroni: unaingia dakani, unapita tekani, unapinda ili usikione kiwanda moja kwa moja, unatokea kwenye mwanga, unapanda hatua ndogo kuingia msana wa kwanza, unapanda nyingine kuingia wa pili. Katika nyumba nyingi za kale nilizozipima sakafu hupanda kidogo kidogo namna hiyo kadiri unavyoelekea ndani, na mwili huhisi kwamba umefika mahali pa faragha kabla akili haijasema. Piga picha katika kila hatua, uzipange mezani kwa mfuatano. Picha mbili zinazofuatana zikifanana, mahali hapo nafasi yako haijafanya kazi.

Jua linataka uangalifu wa pekee, na hapa kompyuta inakusaidia kuliko mtu yeyote, mradi uiambie ukweli. Programu nyingi, ukizifungua bila kuziambia ulipo, hukupa jua la mahali palipo mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la adhuhuri hubaki upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu digrii 2.3 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu, Desemba liko kusini, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba hupita karibu juu ya utosi. Ingiza majira ya saa na mahali sawasawa. Na kwa kuwa Lamu iko magharibi kidogo ya mstari unaopanga saa za Afrika Mashariki, kivuli kifupi kabisa cha Juni na cha Desemba utakiona karibu robo saa baada ya saa sita mchana.

Sasa mtazame jirani yako wa mita 6. Ukuta wako wa kaskazini ukiwa na kimo sawa na wake, adhuhuri ya Juni kivuli kinafika mita 2.9 ndani ya kiwanda chako. Katika kiwanda cha mita 5.7 ulichokichora, nusu ya sakafu ingekuwa juani. Katika kile cha kweli cha mita 3.7, unabaki ukanda wa sentimita 80 tu mbele ya msana. Jengo lako likiwa na kimo hicho hicho, Desemba kivuli chake kitaelekea upande wa jirani kwa mita 2.3. Kwa hiyo zile mita 2 ulizozipoteza zimewanunulia watoto kivuli. Endelea kidogo: uwazi wa msana wako una kimo cha mita 2.5, na jua la Juni linaweza kupenya chini yake kwa mita 1.2. Ukuta wako wa sentimita 10 ungeliruhusu liingie chumbani mita 1.1, karibu nusu ya msana, mpaka juu ya kurasa za vitabu. Ukuta wa nusu mita unalipokea kwa sehemu ndani ya unene wake, na zinazoingia ni sentimita 70. Mambo haya hayakuonekana katika modeli zako nne kwa sababu jua lake halikuwa la Lamu na kuta zake hazikuwa za matumbawe.

Upepo uchore kwa mishale juu ya karatasi, kaskazi mshale mmoja na kusi mwingine, kwa kuwa programu unayoitumia haiujui. Simama juu ya paa la nyumba yenu jioni uuhisi unapotoka.

Mwisho wa yote kata mkato mmoja mrefu, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa wima, kutoka kwa jirani wa kaskazini hadi ukuta wako wa kusini, uuchapishe kwa skeli ya 1:50, kisha uuchore upya kwa penseli ukiwa umezima kompyuta. Kila mstari ambao mkono wako utasita kuuchora ni mahali ambapo hujaamua. Rudi na orodha ya masito hayo kwenye modeli. Mimi hufanya hivyo mpaka leo katika kila kazi, na sijawahi kumaliza mkato bila kukuta jambo ambalo skrini ilinificha. Mpelekee mhadhiri wako mkato huo pamoja na zile picha za safari ya mtoto, na zile modeli nne za mwanzo usizifiche, aone ulikotoka.

SWALI: Ninasoma uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi, na nyumba ya bibi yangu huko Langoni, Lamu, inahitaji kukarabatiwa. Nataka kuichora kwa kompyuta kabla haijaguswa. Nimepima kuta nne za kila chumba kwa makini, lakini nikizichora pembe hazikutani. Je, nimekosea kupima, au niinyooshe tu ili michoro ipendeze?

JIBU: Hukukosea kupima, umepima pungufu. Chukua mfano wa kitanda cha kamba ambacho viungo vyake vimelegea. Mbao zake nne hazijabadilika urefu hata kidogo, lakini ukikisukuma kinalala upande. Vivyo hivyo urefu wa kuta nne hautoshi kulishika umbo la chumba, na kompyuta inapokulazimisha pembe za mraba, lazima mstari wa mwisho upungue au uzidi. Pima ulalo, kutoka pembe hadi pembe, na ikiwezekana pima lalo zote mbili ili ya pili iisahihishe ya kwanza. Ukutani anzia mwisho mmoja, ushikilie utepe pale pale, usome kila dirisha na kila mlango kwa umbali wake kutoka mwanzo. Anayepima kipande kwa kipande kisha akajumlisha huwa anajumlisha na makosa yake.

Usiinyooshe nyumba ya bibi yako. Nakuomba sana katika hili. Ukuta uliopinda unaweza kuwa umefuata ukuta mwingine wa kale zaidi, au umeipisha njia ya punda waliobeba mawe, na anayekarabati anahitaji kuyajua hayo. Tena usikadirie vipimo viwe namba za kupendeza. Mafundi wa kale walipima kwa dhiraa, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na kwa shibiri. Uwazi wa sentimita 138 ukiuandika 140 umepoteza dhiraa tatu za sentimita 46 ambazo fundi aliziweka kwa mkono wake, na huenda kipimo hicho hicho kinajirudia katika milango yote ya nyumba. Kitafute.

Ukiwa na simu yenye kamera nzuri unaweza pia kupiga picha nyingi zinazopandana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia, na programu ikaziunganisha kuwa modeli. Njia hii inafaa mno kwa zidaka na nakshi ambazo utepe hauwezi kuzifuata. Ina udhaifu mmoja utakaokusumbua Lamu kuliko kwingine: ukuta mweupe wa chokaa usio na alama yoyote huichanganya programu, kwa kuwa haioni pa kushika. Bandika vipande vya karatasi vyenye alama tofauti kwa gundi hafifu isiyobandua chokaa, piga picha wakati mwanga ni tulivu, na uweke ndani ya picha fimbo ya mita 1 kamili ili modeli ipate kipimo chake. Kazi kubwa za namna hii zimekwisha kufanyika katika pwani yetu; magofu ya Kilwa Kisiwani, kwa mfano, yalipimwa kwa leza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town katika mradi wao unaoitwa Zamani. Wewe una chumba kimoja kimoja cha kuanzia, na bibi wa kukueleza kila mlango ulizibwa lini, jambo ambalo leza haiwezi kulifanya. Andika maneno yake kwenye mchoro, mahali penyewe.

Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, kwa hiyo kabla ya fundi kuanza kazi, ipeleke michoro yako kwa wanaosimamia uhifadhi wa mji. Mchoro unaoonyesha upinde wa kweli wa kuta utawasaidia kukushauri. Ule ulionyooshwa utawapotosha.

SWALI: Niko Malindi, na kompyuta yangu ni ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Je, ninaweza kujifunza kusanifu kwa modeli, au nisubiri hadi nipate fedha za kununua nyingine?

JIBU: Usisubiri. Programu za kuchora modeli za FreeCAD na Blender zote ni za bure, na kisheria pia. Blender za siku hizi zitailemea mashine yako, basi tafuta toleo la zamani kidogo. FreeCAD huenda ikawa nyepesi zaidi kwako kwa jengo dogo. Kinachoziua kompyuta dhaifu mara nyingi ni miti, magari na watu wanaopakuliwa mtandaoni na kujazwa ndani ya modeli, kila mti mmoja ukiwa mzito kuliko nyumba yenyewe. Viache vyote. Chora mabonge, kuta na uwazi, na mnazi mmoja ukiulazimu uchore kwa penseli juu ya picha iliyochapishwa.

Zaidi ya hapo nunua kadibodi na kisu kikali. Modeli ya mkono kwa skeli ya 1:50, ukiipeleka barazani saa kumi alasiri na kuigeuza uelekeo wa kweli wa jengo, itakuonyesha kivuli cha saa hiyo bila kumbukumbu wala umeme. Na kwa kuwa umeme hukatika, hifadhi faili yako kila baada ya dakika kumi, kila jioni kwa jina jipya lenye tarehe, na nakala moja iwe nje ya kompyuta.